Ua Kando ya Kigingi cha Nne

Siku hiyo mjinga alikuwa Nyamai, na mwenyewe hakatai. Aliukuta ushahidi, akaumwagilia maji.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, kule mtaani Gatwekera karibu na mto. Nyamai ni fundi wa mabati, tena katibu wa kamati ya mafuriko. Ijumaa kamati na wapima ardhi walikuwa wamepigilia vigingi sita kuonyesha njia ya mtaro mpya, ule wa kupeleka maji mtoni yasiingie tena vitandani mwa watu. Nyumba iliyoguswa na mstari ingebomolewa Alhamisi saa tatu. Kathini, mkaanga mandazi, hakuguswa. Sasa alikuwa amesimama mlangoni akitazama X nyekundu ukutani kwake. Kijana wa kupaka rangi alikuwa amefuata vigingi tu, na kigingi cha nne kilikuwa kimehama hatua tisa.

"Nyamai, orodha ya nyumba za kubomolewa uliandika wewe," Kathini akasema. "Alhamisi nitalala wapi na watoto watatu?"

Nyamai akakiendea kigingi. Chini yake aliona ua la majani mapana, limesinyaa. Alidhani ni akina mama wa kupanda miti wamepamba, akalihurumia kwa kopo zima la maji. Maji yakateremka mekundu juu ya udongo mweusi. Aliyaona, akaenda zake.

Kuhama kwa kigingi kuliokoa watu wawili: Timothy, muuza vyuma chakavu, na Mzee Muchiri wa Kawangware, mwenye vyumba kumi vya kupangisha hapo Gatwekera. Muchiri alipopigiwa simu alisema hajakanyaga Gatwekera tangu Pasaka. Timothy naye alikuwa na jembe lenye tope mlangoni, kwa hivyo Nyamai akamvamia mbele ya watu.

"Niaje, Timo. Hili tope ni la wapi?"

"La mfereji wa choo, ule kamati yako ilisahau. Nusa."

Nyamai alinusa. Watu walicheka mpaka mandazi yakaungua. Tope lenyewe lilikuwa jeusi tii.

Saa nane mchana Wangeci, muuza githeri, alipita penye kigingi cha nne akauliza ni nani amepanda itoka pale chini. Nyamai akamwambia ni maua tu. Wangeci akatua sufuria yake chini.

"Maua ni kwenu Kitui. Kwetu sisi Wakikuyu hii ndiyo mpaka. Kigingi hata kuku anaangusha. Mtu wa kwetu akisogeza mpaka bila kupanda itoka, roho haitulii."

Nyamai akachutama, akafukua kidogo. Mizizi ilikuwa imekumbatia udongo mwekundu, na ukingo ule wote hauna hata kijiko cha udongo mwekundu. Akakumbuka maji mekundu ya asubuhi, na udongo mwekundu wa Kawangware kwa Muchiri, naye Mkikuyu. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akafunga bonge moja la udongo kwenye gazeti.

Jumanne saa nne yeye na Kathini walikuwa Kawangware, kwenye plot ya Muchiri, nyumbani kwake. Kando ya seng'enge itoka zilikuwa zimejipanga kama watoto wa paredi, na katikati kulikuwa na pengo moja lenye shimo bichi. Nyamai akaliweka bonge lake pembeni mwa shimo. Rangi ilikuwa ile ile.

Muchiri alisema ni mbwa amefukua.

"Mbwa gani huyo, mzee, anayebeba ua hadi Gatwekera, anapanda, halafu anashindilia?" Nyamai akauliza.

Mzee akaachana na mbwa. Kisha akaeleza: alikwenda Jumapili saa nne, watu wakiwa kanisani. Vyumba kumi ndivyo vilivyokuwa tegemeo la uzee wake. Kathini alikuwa na chumba kimoja cha mabati, kitu cha kusimamisha kwa siku moja. Aliona afadhali mtaro umpitie mwenye hasara ndogo.

Nyamai akampigia mpima ardhi hapo hapo. Kigingi kingerudi kesho yake kabla ya saa sita, na ile X ingefutwa kwa Kathini ichorwe kwa Muchiri na kwa Timothy.

"Kigingi rudisheni," Muchiri akasema. "Lakini itoka ikishapandwa haing'olewi, anayeing'oa amelaaniwa. Mpaka ni pale ilipo."

"Hakuna atakayeing'oa, mzee," Kathini akamjibu. "Wewe njoo mvua ikinyesha, ukae kando yake uyafunze maji Kikuyu."