Sukari kwa Mama Mkwe

"Hii sukari yako ya kijani imeoza?"

Soko limefurika. Fundi umeme, nyaya zimening'inia begani, amesimama mbele ya meza ya binti mwenye gauni la njano.

"Si sukari, kaka. Ni stevia, majani yaliyosagwa. Onja, lakini kidogo."

Akatia kinywani kijiko kizima. Macho yakamtoka.

"Toba! Utamu gani huu?"

"Wa wenye kisukari. Haupandishi sukari mwilini."

"Na wewe unapandisha nini?"

"Presha za mafundi wasiosikia. Nunua au nipishe."

Akanunua. Kesho akarudi, na keshokutwa, mpaka wauza nyanya wakaanza kumwita shemeji. Simu nazo hazikupoa.

"Majani wangu, umekula?"

"Nimekula, Fundi wangu. Acha kunipigia ukiwa juu ya ngazi!"

Siku ya kumtambulisha nyumbani, binti alivaa hariri ya buluu. Mama yake Fundi alikuwa mgonjwa wa kisukari, wa kujichoma insulini, na mwanawe alikuwa amepiga marufuku sukari ndani ya nyumba. Binti akamtengenezea maji ya limau kwa stevia. Mama akanywa, akalamba midomo, akaomba tena. Kisha akaingia chumbani kidogo, akatoka akitabasamu, akakaa kusubiri chakula kiive.

Hakikuwahi kuiva. Ghafla jasho likamtiririka Mama, mikono ikamtetemeka, glasi ikapasuka sakafuni.

"Umempa nini?" Fundi akapiga kelele. "Ulisema si sukari! Umeniulia mama!"

 Binti akanyakua kipimo cha sukari cha Mama mezani, akamtoboa kidole. Akasoma.

"Imeshuka! Leta sukari!"

"Una wazimu? Mgonjwa wa kisukari umpe sukari?"

"Imeshuka, Fundi! Mama anazimika!"

Alimsukuma, akatoka mbio bila viatu mpaka kwa jirani, akarudi na sukari kikombeni. Akaikoroga kwenye maji, akamnywesha Mama funda kwa funda. Taratibu macho yakarudi.

"Nilidhani mnanidanganya," Mama akanong'ona. "Utamu ule usiwe sukari? Nikajichoma sindano ya ziada, niiwahi."



Wakamkimbiza hospitali. Daktari aliposema hatari imepita, binti akachukua mkoba wake.

"Umeniita muuaji," akasema, akaondoka.

Fundi akapiga simu, ikakatwa. Akapiga tena na tena, hadi jioni ikapokewa.

"Sema."

"Mpenzi, niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Mbona sikukutukana?"

 Mama, kitandani, aliyesikia kila neno kwa kipaza sauti, akamnyang'anya Fundi simu.

"Mwanangu, usimlaumu sana. Wa kwanza kutokukuamini ni mimi, huyu amerithi."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilicholowa machozi.

"Pole, mama. Kesho nakuja. Nitakuomba usijichome tena kwa kukisia. Pima kwanza, halafu ufuate alivyosema daktari."

"Nimekusikia, binti yangu. Na huyu mwanangu je?"

"Huyo anahitaji mafunzo marefu zaidi."

"Marefu kiasi gani?"

Binti akavuta pumzi.

"Akinioa, labda tutamaliza uzeeni."

Mama akageuka kumpa mwanawe habari. Fundi alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa chini sakafuni, kashika kichwa.

"Muuguzi!" Mama akaita akicheka. "Njoo umpime na huyu!"