Chupa Isiyopigwa Mionzi

Daktari Narcisse Sebahire alikutwa amekufa kitandani, nyumbani kwake Gisenyi. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kupita kiasi, na begani, penye alama ya sindano, ngozi ilikuwa nyeusi tii.

"Kimeta," alisema mchunguzi wa maiti akivua glavu. "Ugonjwa wa ng'ombe. Umeingia kwa sindano."

"Hakutafuta matibabu?" aliuliza Inspekta Liliane Umutesi.

Mpishi wa marehemu akajibu kwamba bosi aliiita homa yake malaria, akameza vidonge, akajifungia. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, ila huyu wala hakudhani ana la kuficha. Alikuwa akitengeneza chanjo ya kimeta; angewezaje kuugua kimeta? Hilo lilimuudhi Umutesi, maana dawa ya kumponya iliuzwa famasi ya jirani.

Maabara ya Sebahire ilikuwa njia ya Nyakiriba. Humo vimelea vya kimeta vilioteshwa, vikatiwa kwenye chupa, kisha chupa zikapigwa mionzi mpaka vimelea vife. Mwili ukichomwa vilivyokufa hujifunza kupigana na vilivyo hai. Kila toleo jipya likiwa tayari, Sebahire alijichoma yeye kwanza, mbele ya wafanyakazi wote. Jumatatu alijichoma, wakampigia makofi. Leo Alhamisi amekuwa maiti.

Na masanduku ya toleo hilohilo yalikuwa yamekwishafika kituo cha afya cha Cyanzarwe. Umutesi akampigia muuguzi, Larissa.

"Simamisha chanjo."

"Afande, watu wamejaa uani. Wiki hii wamekula nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Nikiwarudisha nyumbani hawatakuja tena."

"Wasirudi, ila usichome mtu. Ngoja simu yangu."

Katika ndoo ya taka za maabara Umutesi aliikuta chupa aliyoitumia marehemu. Alipobandua karatasi iliyoifunika, kioo chake kilikuwa cheupe, hakina rangi. Kabatini palikuwa na nyingine ya toleo lilelile, imeandikwa jina la Sebahire, haijafunguliwa. Chini ya karatasi, kioo cha hiyo kilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

Sinia ya sindano ya Jumatatu ilikuwa imeandaliwa na Epiphanie, msaidizi wa maabara, mzaliwa wa Goma. Umutesi akampangia chupa zote mbili mezani.

"Kwa nini hii imegeuka rangi?"

"Ni mionzi, Afande. Kioo ikipita kwa mashine, inageuka hivyo."

"Na hii aliyojichoma?"

Epiphanie aliisogeza kando ile chupa nyeupe.

"Haikupita kwenye mashine."

"Haikupita."

"Nani aliiweka kwenye sinia?"

"Ni mi."

"Kwa hiyo ulimpa vimelea hai."

"Nilimupa chanjo, Afande. Ile ya watu."

"Uliitoa wapi?"

"Kwa sanduku ya Cyanzarwe."

"Ni hiyo moja tu iliyo hai?"

"Ni zote. Karatasi inazifunika, lakini ndani ziko nyeupe."

Umutesi alishika simu. "Larissa, bandua karatasi ya chupa yoyote. Kioo kina rangi gani?"

Karatasi ilisikika ikichanika. Kisha sauti: "Cheupe, Afande. Mungu wangu, nilikuwa nimeshavuta ya kwanza kwenye bomba la sindano."

"Weka chini. Funga masanduku."

Alimgeukia Epiphanie. "Sema yote."

"Bon. Mashine imezeeka, mionzi yake imekuwa kidogo. Kazi ya usiku moja ikawa ya wiki, na wafadhili wanangoja. Donc, basi, daktari akapitisha chupa zake na za wakaguzi tu. Zingine zikaenda hivyo hivyo."

"Ulijuaje?"

"Toleo ya kwanza ndiyo iliua mama yangu." Mama yake, Mukankusi, alikuwa muuza nyama Cyanzarwe. "Aliogopa sindano. Ni mi nilimushika mukono. Nilimwambia, mama, iko muzuri, hata bosi alijichoma. Kisha ya kumuzika, nilibandua karatasi ya chupa yake. Nyeupe. Nikamuuliza daktari. Akasema mama alikufa na malaria, na nikitaka kazi, ninyamaze."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Nani angeniamini? Kila mutu alimuona anajichoma."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, Umutesi aliwaza, na moyoni hakumlilia marehemu. Lakini sheria inamtazama aliyemsukuma.

"Alipougua ungeweza kumwambia. Angepona."

"Jana nilifika kwa mulango yake. Nilimusikia anakohoa. Nikakumbuka mama, nikarudi."

"Na masanduku? Uliyaacha yaende."

"Nilijua akikufa mutakuja kuuliza. Mutazikamata."

"Amekufa alfajiri ya leo, Epiphanie. Na watu walikuwa wachomwe leo." Umutesi alitoa pingu. "Je, kama angekufa kesho?"

Epiphanie alizitazama pingu. Ndipo akaanza kulia, na Umutesi ikambidi amshike mkono ili amfunge pingu.