Jeki ni ya Gari

Sokoni Kariakoo hakuna aliyemwita Bakili kwa jina lake. Walimwita Jeki. Alikuwa mgambo, na mwili anao. Akimkamata mtu, alimshika suruali kwa nyuma, akamnyanyua mpaka visigino vikaacha ardhi, akamkimbiza hivyo hivyo. Mtindo huo watu waliuita Tanganyika jeki. Walishangilia, na Bakili alivimba kichwa.

Asubuhi moja gunia la vitunguu lilipotea.

"Alilibeba hamali Pius!" tajiri wa vitunguu alipiga kelele.

Bakili hakuuliza neno. Alimnyanyua mzee wa watu, akampitisha mbele ya wanawake wanaouza nyanya, mke wa mzee akiwa mmoja wao.

Gunia lilionekana kabla ya adhuhuri. Mahamali wengi hawakujua kusoma, walifuata alama za mkaa kwenye magunia. Tajiri alikuwa amebadili alama yake bila kumwambia mtu, ikafanana na ya duka jingine. Mzee Pius alikuwa amelipeleka pale alama ilipomwelekeza.

Kesho yake Bakili alimwamkia. "Shikamoo, mzee Pius."

Mzee alipita kimya, akichechemea. Siku ya pili, vile vile. Bakili alikosa raha.

Mkewe, Siwema, alimvuta mpaka kwenye kisomo cha watu wazima. Huko Bakili alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hili neno jeki limetoka wapi?"

"Kwa Waingereza," alijibu mwalimu Candida. "Kwao ni jina la mwanamume. Zamani waliwaita hivyo hata watumishi. Baadaye wakakipa jina hilo chombo cha kunyanyulia gari."

"Na roba, ile ya kumkaba mtu shingo?"

"Hilo linafanana na neno lao la mnyang'anyi."

Darasa lilicheka. Bakili alitazama sakafu.

"Gari haliumii wala halioni haya," mwalimu aliendelea. "Mtu unaweza kumvunja. Mtuhumiwa muulize kwanza. Kisha atembee kwa miguu yake mpaka kwa balozi wa nyumba kumi au kituoni, na mashahidi wawepo."

"Akikimbia je?" Bakili aliuliza.

"Na wewe huna miguu? Mfuate, umshike mkono. Basi."

Bakili aliapa moyoni kwamba jeki imekwisha.

Jumamosi gunia lingine lilipotea. Watu walimzingira hamali Awadhi. "Jeki! Jeki!" walipiga kelele.

Bakili alifunga mikono nyuma. "Awadhi, gunia umelipeleka wapi?"

"Kwa mwenye alama ya duara, kaka."

"Twende. Tangulia."

Watu walizomea. Bakili hakugeuka. Walilikuta gunia kwenye duka la tatu kutoka hapo, na waliozomea wakatawanyika kimya kimya.

Siku hiyo hiyo Bakili aliwabana matajiri waandike majina yao kwenye magunia. Wiki iliyofuata mahamali tisa walijiandikisha kisomoni, wapate kuyasoma majina hayo. Mzee Pius alikuwa mmoja wao. Alikaa benchi la mbele, peke yake.

"Shikamoo, mzee Pius," Bakili alisema. "Nilikukosea mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

 Mzee alisogea, akaacha nafasi benchini.

"Marahaba, Bakili. Kaa tusome."