Miwani Kwenye Swichi

Kila asubuhi msimamizi alisema maneno yale yale: "Vaeni miwani." Kiwanda chao kilitengeneza samani, na vibanzi vya mbao viliruka kutwa. Hata hivyo, wengi waliiacha miwani mfukoni. Kibanzi kimoja kilimtoboa jicho mdogo wake msimamizi, fundi wa hapo hapo, akabaki na moja. Tangu siku hiyo msimamizi hakuwa na raha.

Akabuni mbinu. Kwenye mashine kumi alitundika miwani juu ya swichi. Ukitaka kuwasha mashine, lazima uishike miwani kwanza. Mashine nyingine kumi zilibaki na bango tu la "Vaeni miwani." Kesho yake alihesabu, akarudi nyumbani akipiga mluzi njia nzima.

"Mama watoto, wenye bango wamevaa sita kati ya kumi. Wenye swichi, wanane. Kesho namwambia meneja abadilishe mashine zote."

Mkewe alifanya kazi ofisi ya takwimu. Akachukua kalamu.

"Baba watoto, punguza mwendo. Ni watu wawili tu waliokupa ushindi. Wangeamka vibaya, ungeniambia nini?"

Msimamizi akavuta kiti, akakaa.

Mkewe akachora mstari, akaandika sifuri katikati. "Tofauti yako ni ishirini katika mia. Lakini umepima wachache, kwa hiyo tunaiwekea mipaka. Huenda swichi inaongeza wavaaji hamsini na tisa katika mia. Huenda pia inapunguza kumi na tisa. Sifuri imo ndani, yaani huenda haisaidii kitu."

"Kumbe nimeshindwa."

"Hujashindwa. Hujajua bado. Pima wengi zaidi. Na waokote vikaratasi, kura ya bahati iamue nani apate miwani kwenye swichi, usichague marafiki zako."

Iliuma, lakini alitii. Kiwanda kilikuwa na mafundi mia mbili, kila mmoja na mashine yake. Kura ikawagawa mia kwa mia. Wenye bango walivaa sitini. Wenye swichi, themanini na wawili.

Mkewe akachora tena. "Sasa mipaka ni kumi mpaka thelathini na nne. Sifuri iko nje."

"Una hakika?"

"Si mia kwa mia. Ukirudia kupima hivi mara mia, mipaka hukamata ukweli kama mara tisini na tano. Nenda kwa meneja kifua mbele."

Meneja alikubali. Mashine zote zikapata miwani kwenye swichi, na mdogo mtu akarudi kazini.

Mwezi haukuisha, akaja kula kwa kaka yake. Aliweka miwani mezani. Kioo kilikuwa na mkwaruzo mrefu wa kibanzi, upande wa jicho zima.

"Nilitaka kuwasha mashine tu, shemeji," alisema. "Ilikuwa imeshafika mkononi, nikaona basi niivae."

Msimamizi alipitisha ukucha kwenye ule mkwaruzo, mara mbili. Kisha akamsogezea mdogo wake sahani.