Taya Lililosagwa kwa Ajili ya Goti

Mvua kubwa ikinyesha, kilima nyuma ya shamba la Wagirah hubomoka. Asubuhi yake mahindi hulala chini, na mara nyingine mifupa huonekana. Ni mifupa mikubwa, myeusi, mizito sana. Watu wa pale, Java ya Kati, huiita mifupa ya majitu. Karibu kila nyumba ina kipande juu ya boriti, kulinda familia. Mtu akiumwa, kipande hukwanguliwa, akanywa unga wake kwa maji ya moto.

Asubuhi moja Wagirah alikwenda kuinua mahindi. Mumewe, Sadimin, alibaki barazani. Goti lake lilikuwa limevimba kwa wiki tatu.

Wagirah alirudi na kikapu kichwani, tope hadi magotini.

"Mama Sarmi, umeleta mahindi au umeleta kilima?" Sadimin alimtania.

"Cheka tu. Nimekuletea goti jipya."

Ndani ya kikapu kulikuwa na taya. Wagirah alikuwa amelichomoa kwa jembe, likavunjika vipande vinne. Alivipondaponda kwa nyundo. Kisha akavisaga juu ya jiwe la kusagia pilipili mpaka vikawa unga. Jino moja tu lilikuwa gumu mno. Akaliacha pembeni.

Kwa siku saba Sadimin alikunywa. Kila glasi Wagirah aliiombea kwanza. "Ewe Mola, mponye mume wangu." Lakini goti lilizidi kuwaka moto.

Siku ya saba jirani yao, Tukiran, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Tukiran alifanya kazi kwenye makumbusho, akisafisha mifupa kwa brashi ndogo. Alileta ndizi. Akaliona jino pembeni ya jiwe la pilipili. Akachuchumaa, akaliokota, akalifuta kwa shati lake.

"Dada, hili umelitoa wapi?"

"Kilimani. Lilikuwa na taya lake."

"Taya liko wapi?"

Wagirah alitazama glasi tupu. Sadimin alijishika tumbo.

"Liko hapa," alisema.

Tukiran aligeuza jino kiganjani. "Huyu hakuwa jitu," alisema. "Alikuwa mnyama wa jamii ya tembo. Wataalamu wanamwita stegodoni. Walijaa hapa zamani. Leo hayupo hata mmoja duniani. Tazama matuta haya kwenye jino. Alisagia majani. Na jino ni dogo. Alikuwa ndama."

"Zamani gani?" aliuliza Wagirah.

"Labda zaidi ya miaka laki saba. Alipokufa, tope lilimfunika. Maji yakapenya kwenye mifupa, polepole, yakileta madini. Mfupa ukageuka jiwe."

"Kwa hiyo nimekunywa jiwe?" Sadimin aliuliza.

"Jiwe, bwana. Wiki nzima."

"Ndiyo maana nikiinuka naona uzito!"

Wanaume wawili walicheka. Wagirah hakucheka.

"Ungeliacha mahali pake," Tukiran alimwambia kwa upole, "tungesoma udongo uliolizunguka. Udongo ndio unaotuambia aliishi lini hasa, na alilala karibu na nani. Unapakumbuka mahali penyewe?"

Wagirah alimpeleka. Lakini kilima kilikuwa kimebomoka tena. Alionyesha hapa, akaonyesha pale, mwisho akashusha mkono.

Kesho yake alimpeleka mumewe kituo cha afya. Muuguzi alitoa usaha gotini, akampa dawa. "Mngekuja siku saba nyuma," alisema, "asingechechemea." Sadimin alipona, lakini mpaka leo huuvuta mguu anapokwenda msikitini.

Mvua za mwaka uliofuata zilifunua mfupa mwingine, mrefu kuliko mtu. Safari hii Wagirah aliliweka jembe mbali. Alichomeka kijiti mahali pale, akafunika mfupa kwa turubai, akamtuma binti yake Sarmi amwite Tukiran. Kisha akaketi kwenye tope, akizuia maji kwa mikono yake. Walipofika alikuwa akitetemeka kwa baridi.

Wataalamu walipima, wakapiga picha, wakachimba kwa brashi siku kumi na mbili. Walipata pembe na fuvu la stegodoni aliyekomaa.

"Ni mama yake yule ndama?" Wagirah aliuliza.

"Huenda," Tukiran alijibu. "Huenda pia walipishana miaka elfu. Taya lingekuwa mahali pake tungekuwa na la kusema. Sasa hatutajua, dada."

Fuvu liliwekwa kwenye makumbusho. Jino dogo liliwekwa kando yake. Wagirah alikwenda kuyaona. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la akina mama. Alifuata maandishi kwa kidole, neno kwa neno: *Jino la ndama. Taya halikupatikana.*

"Hapana," alisema. "Lilipatikana. Mimi nililipata. Andikeni kweli."

"Utaona aibu, Mama Sarmi," Sadimin alimnong'oneza.

"Aibu ninayo tayari. Mwingine asiipate."

Maandishi yakabadilishwa: *Taya lilipatikana, likasagwa kuwa dawa.* Watu wa kijiji wakaja, wakayasoma, wakarudi kwao. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kuteremsha vipande kutoka kwenye boriti na kumpelekea Tukiran. Kilima kikibomoka siku hizi, vijiti huchomekwa, na majembe hukaa kando. Mwenye goti bovu huenda kituo cha afya.

Wagirah bado husaga pilipili juu ya jiwe lile lile. Kwenye vitundu vyake kuna unga kidogo wa taya ambao hautoki. Amelisugua kwa majivu, amelisugua kwa mchanga. Siku hizi, kabla ya kusaga, hulitazama kwanza, akasema kimya kimya, "Ewe Mola, nisamehe. Sikujua." Kisha humwita Sarmi aje amsomee kazi ya shule.