Msonyo wa Wick Averell

Gerald Pargeter, akiwatembeza wageni wa Jumamosi kijijini Wick Averell, alikuwa amefikia sifa za kabaila Ambrose Dacre, pale kanisani penye kaburi lake la marumaru, aliposikia mtu akimsonya. Ulikuwa msonyo hasa, mrefu, wa kuvutwa kwenye meno, wa mtu anayekudharau kiasi kwamba hata kukutukana anaona ni kukupa heshima.

Aligeuka. Wageni kumi na wanne, wastaafu watupu ndani ya makoti ya mvua, walikuwa wanaangalia dari. Mkewe, Noreen, aliyesimama mlangoni na kikapu cha vijitabu vya kuuza, aliinua nyusi kumuuliza kuna nini. Gerald akaendelea. Alisema kwamba miaka mia mbili na hamsini iliyopita huyu kabaila aliwaonea huruma maskini waliokuwa wakiishi bondeni, akawahamishia huku juu kwenye nyumba imara za mawe, na kule bondeni akachimba ziwa zuri ambalo wangeliona baada ya chai.

Msonyo ukarudi. Safari hii wageni wote waliusikia, na wote wakamtazama yeye.

Gerald hakuzaliwa Wick Averell. Alihamia kwetu miaka kumi na moja nyuma, baada ya kustaafu kazi ya bima, na kabla hajamaliza kufungua maboksi yake alishawaambia waliozaliwa hapa kwamba hawaijui historia yao. Akaandika kijitabu cha kurasa thelathini na mbili chenye picha zake tatu. Humo kila tajiri alikuwa mkarimu na kila maskini alikuwa na shukrani. Mwishoni msomaji alielekezwa kwenye magofu ya abasia ya Lorne walikokaa watawa wa kale, kwenye mawe saba ya kale yaliyosimamishwa Cold Hanger na kwenye shamba la jibini la Pell, kana kwamba nchi nzima iliumbwa ili wenye magari wapate pa kunywea chai. Na sisi, ambao bibi zetu walitusimulia mambo mengine kabisa, tulikinunua, tukakiweka sebuleni mahali kinapoonekana.

Jumamosi zilizofuata alisonywa kisimani, akasonywa ukingoni mwa ziwa, akasonywa mbele ya lango la jumba la akina Dacre. Noreen ndiye aliyeng'amua. Asubuhi moja, akipaka siagi kwenye mkate, alimwambia mumewe kwamba akitaja mwaka kanisa lilipojengwa, kunakuwa kimya. Akitaja huruma ya kabaila, ndipo anaposonywa. Gerald alimjibu kwamba miaka arobaini ya ndoa haijamfundisha Noreen kunyamaza mtu anapokula.

Siku hiyo hiyo harufu iliingia nyumbani kwao. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ikitoka sebuleni kwenye meko ya zamani yaliyozibwa kwa mbao. Gerald akaita fundi wa mabomba. Fundi akatoa mbao, akaingiza mkono, akautoa ukiwa umelowa matope meusi ya majivu yenye uvuguvugu, akafunga mkoba wake na kuondoka bila hata kunawa.

Baada ya hapo haikuhitaji giza. Mchana kweupe, jua likiwa limejaa dirishani, walisikia vigae vikibanduliwa juu ya vichwa vyao kimoja baada ya kingine, na Gerald akatoka nje na kukuta paa lake liko zima, akarudi ndani na kuvisikia tena, na katikati ya mlio huo ikaanza sauti nyembamba ndani ya bomba la moshi, sauti ya mtoto mchanga ambaye amelia mpaka hana tena nguvu za kulia, na baridi ikashuka pale mezani mpaka mchuzi ukaganda kwenye sahani na pumzi zao zikaonekana kama moshi, ilhali kwa jirani watu walikuwa wanakata majani wakiwa vifua wazi.

Noreen akaweka uma chini. Akamtazama mumewe kwa macho ambayo Gerald hakuwahi kuyaona usoni pale, akamsonya. Kisha akasema, kwa sauti nzito ya watu wa zamani wa bondeni:

"Walinibandulia paa nikiwa ndani. Mwanangu ana siku nne."

Gerald alikimbilia bustanini. Akamwacha mkewe humo humo ndani.

Aliyeitwa ni Mchungaji Judith Amble, mwenye makanisa matano ya kuhudumia na gari moja bovu, ambaye kabla ya uchungaji alikuwa muuguzi wa wodi ya wazee na alishasikia wasemaji wengi wakitumia vinywa visivyo vyao. Alimsikiliza Gerald mpaka mwisho, kisha badala ya kwenda nyumbani kwa Gerald akaenda kwanza kufungua daftari la mazishi la kanisa, kumtafuta mama aliyezikwa na kichanga. Alifika jioni, jua bado lipo, akiwa na mafuta, maji ya baraka na karatasi moja aliyonakili humo.

Alimkuta Noreen amekaa chini mbele ya meko, mikono imepakata kitu kisichoonekana. Akapiga magoti karibu naye.

"Wewe ni Keziah Tull," alisema kwa upole.

Kile kilichokuwa ndani ya Noreen kikatetemeka. "Muda mrefu hakuna aliyeniita hivyo."

"Wanataka nini kwako, mama?"

"Tuondoke. Kabaila anasema nyumba zetu zinamharibia mandhari ya dirishani. Nikasema mtoto mchanga, na ni Januari. Wakamwaga maji kwenye moto." Macho yakamgeukia Gerald, aliyesimama mlangoni ameshika kitasa. "Na huyu anasema tulihurumiwa."

"Nikimfanya aseme kweli, utakwenda?"

"Aseme."

Judith akampa Gerald ile karatasi. Akaisoma kwa sauti ya chini, madirisha yakiwa yamefungwa, akichungulia kama jirani hasikii: kwamba Keziah Tull na mwanawe asiye na jina walizikwa siku moja, Januari, wakiwa wamekufa kwa baridi, kwamba nyumba ishirini zilibomolewa, kwamba ziwa lipo juu ya sakafu zao. Akaapa kuyaandika kijitabuni. Judith akampaka Noreen mafuta, akamwombea mama kwa jina lake, na mtoto asiye na jina kwa jina la mamake. Harufu ikakatika. Noreen akalia, kwa sauti yake, mpaka akalala.

Wiki mbili baadaye walikuja majaji wa shindano la vijiji maridadi vya kaunti. Kijiji kizima tulikuwa kanisani, tumevaa vizuri. Gerald alitoa kijitabu kilekile, bila neno lililoongezwa, akasimama kwenye kaburi la marumaru na kuanza: kabaila Ambrose, mtu mwenye huruma...

Msonyo ulipasua kanisa zima.

Gerald aliangusha miwani, akapita katikati ya majaji akipiga kelele, hakusimama mpaka nyumbani. Judith alimfuata. Alikagua kila chumba, akanusa meko, akaweka kiganja ukutani, akasema kwa uhakika kwamba humu hamna kitu, yule mama amekwisha pumzika. Akaondoka.

Gerald alibaki kwenye kiti. Noreen aliingia, akavua kofia yake ya kanisani, akaitundika.

"Amerudi," Gerald alinong'ona. "Noreen, umemsikia? Amerudi."

"Keziah aliondoka siku ile ile," Noreen alisema. "Yule wa leo nilikuwa mimi."

Akaenda jikoni kuweka birika motoni. Kutoka huko akamwambia kwamba Jumamosi ijayo pia atakuwepo.