Mwizi Aliyefunga Maji

Mtambo wa kioo ulikuwa umetoweka kwenye meza ya maabara. Palibaki alama za miguu ya mtambo tu, na mipira ya maji iliyokunjwa vizuri pembeni.

Inspekta aliinama akagusa bomba la maji ya kupoozea. Lilikuwa limefungwa barabara.

"Mwizi mstaarabu huyu," alimnong'oneza koplo wake. "Anaiba, lakini hataki maabara ifurike."

Mlalamikaji alikuwa mhandisi wa kiwanda, mama mwenye sauti kali na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amesanifu mnara wa kutenganisha alkoholi na kiyeyusho kipya. Wakurugenzi wangeuidhinisha asubuhi hiyo, mradi vipimo vya maabara vikubaliane na makadirio yake.

"Makadirio ya nini, mama?"

"Ya mvuke. Ukichemsha mchanganyiko, alkoholi kiasi gani inapanda na kiasi gani inabaki chini. Vipimo havikuwepo, nikakadiria kwa kompyuta kutokana na umbo la molekuli."

"Na kilichoibwa ndicho cha kuhakiki?"

"Ndicho. Sasa kikao kimesimama. Kuna mtu ananionea gere, afande!"

Mpimaji wa maabara hiyo alikuwa mkemia mpole aliyesimama karibu na sinki. Ndiye mume wa mhandisi.

Kufuli halikuvunjwa. Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna mzigo uliotoka. Inspekta akamgeukia mkemia.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Basi, mimi tu."

"Mchanganyiko huu ulishauchemsha?"

"Bado. Tulikuwa tuanze leo."

Inspekta aliinua chupa ya sampuli. Lakiri ilikuwa imekatwa, na nusu ya mchanganyiko haikuwepo.

"Hii wamekunywa panya?"

Mkemia alitupia jicho kabati.

"Mtambo uko wapi, bwana?"

"Kabatini, nyuma ya makoti. Nimeuviringisha kwa sweta usije ukavunjika."

Mhandisi alishika kiuno. "Wewe? Baba watoto?"

"Nilipima jana jioni, mke wangu. Sikuamini, nikapima tena. Alkoholi ikishakuwa nyingi, mvuke na kimiminika vinafanana kabisa. Hapo hata uchemshe mpaka kiama, alkoholi na kiyeyusho havitengani. Kompyuta haikuliona hilo. Mnara ungejengwa, halafu ungesimama bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Juzi nilisema nina wasiwasi tu na makadirio yako, ukahamia sebuleni na mto wako. Ningetoa vipimo hivi leo mbele ya wakurugenzi, ungeumbuka. Nilitaka kikao kisogee, utulie, uone kosa mwenyewe na ulirekebishe. Mikono ya kukuangusha isiwe yangu."

Mhandisi alikaa kwenye kigoda.

"Mjinga wewe," alisema, sauti imelegea. "Umenifanya nimwitie polisi mume wangu."

"Mama," Inspekta alikohoa, "shauri liendelee?"

"Nalifuta. Huyu niachie mimi, nitamhukumu nyumbani."

Koplo aligeukia dirishani kuficha kicheko.

Mkemia alimsogezea mkewe vipimo. Mhandisi aliviangalia kimoja kimoja, kidole kikifuata mstari, kisha akaguna kama mtu aliyekubali. Akainuka, akanyoosha gauni.

"Wakurugenzi bado wako juu?"

"Wapo," alijibu mkemia.

"Basi nakwenda kuwaambia nilikosea."

"Nikusindikize?"

"Unisindikize wapi? Unaingia na mimi. Mvuke huo ameupima nani?"

Akamshika mkono, mbele ya polisi, wakapanda ngazi pamoja.